Jua la Volti Kumi na Tisa

Huku Wadi Kabir jua halina adabu.
Saa tatu asubuhi limeshapanda roshani,
limekausha mrehani wa mama
ukawa chai iliyokosa maji.
Na ndani, dirisha letu moja linatazamana na ukuta
na migongo ya viyoyozi inayotiririka jasho.
Nje moto, ndani giza:
mbegu ikae wapi?

Mama anazo, ndani ya kibahasha cha dawa
kilichoandikwa mara tatu kwa siku, baada ya kula.
Mchicha wa Wete. Mbegu nyeusi, ndogo,
ukipiga chafya umepoteza shamba.

"Zamzam, wewe si fundi?
Simu za watu zinafufuka mkononi mwako.
Basi nitengenezee jua."

Nikaanza na chaja ya kompyuta iliyokufa,
volti kumi na tisa, waya umetafunwa na paka.
Vijitaa nikavinunua Ruwi kwa baisa za mfukoni:
vyekundu vitano, kila kimoja kinakula volti mbili na ushei,
buluu viwili, hivyo vina tamaa, tatu na ushei.
Nikavibandika juu ya mfuniko wa sufuria la pilau,
maana vikikosa pa kutolea joto vinajiua vyenyewe.
(Mfuniko mama anaudai mpaka leo.)

Usiku wa kwanza nilisahau rezista.
Pa! Harufu ya kucha iliyoungua,
na sauti kutoka jikoni:
"Limeshatua?"

Usiku wa pili likachomoza.
Zambarau, zile zinazobaki ulimini.
Makochi zambarau, picha ya baba zambarau,
hata wali kwenye sahani ulionekana umetoka nchi nyingine.

Nilikuwa nimelitundika juu mno.
Miche ikarefuka, shingo nyembamba,
kama watoto wanaochungulia bibi harusi,
kisha ikalala chini, yote, siku moja.
Mama akaja na mkono wake, akatanua vidole:
"Shubiri. Mtoto hanyonyeshwi kutoka darini."
Nikashusha. Tukapanda upya.

Jengo nalo likaanza kunong'ona.
Ghorofa ya nne wanafuga jini.
Ghorofa ya nne wana disko, na bibi mzima ndani!
Jirani wa mkabala akafunga mapazia yake mawili,
akafungua moja kidogo.

Ndipo akaja mlinzi, Shafiqul, na malalamiko ya watu
yamekunjwa vizuri mfukoni.
Akavua ndara mlangoni. Akaingia. Akasimama.
Akainama, akaligeuza jani, akaona shina jekundu.
"Lal shak," akasema.
"Mchicha," mama akasema.
Akatikisa kichwa, akacheka, "Lal shak,"
akaonyesha kwa kiganja urefu wake nyumbani kwao,
karibu na goti, nyuma ya jiko, upande wa mama yake.
Kiarabu chao wote wawili ni cha sokoni,
cha bei na cha samahani,
lakini walikaa pale mpaka chai ikapoa.

Ile karatasi sikuiona tena.
Kesho yake akaleta ndoo ya udongo.
Wa wapi, sikuuliza.

Fungu la kwanza halikujaza kikombe.
Mama alilipika kwa tui la kopo,
akaligawa mara tatu kwa kijiko cha chai,
bakuli moja likashuka ngazi limefunikwa.

Saa nne usiku nanyoosha mkono kwenye swichi.
Majani nayo hulala, nimemweleza mara ngapi.
Yeye yuko kwenye kiti chake, uso zambarau,
tasbihi imesimama kidoleni.

"Dakika tano tu," ananiambia.
"Hayajashiba."